Siku Tanuri Lilipozimwa

Simu ya Chachu ilimkuta Kipaza amesimama mbele ya viti vitupu vya ukumbi wa mihadhara, akijizoeza kujibu maswali magumu bila kushikashika kola ya blauzi.

"Uko wapi?" Chachu aliuliza. Hakusalimia.

"Chuoni. Si nilikwambia leo nashinda hapa? Kesho ndiyo kesho."

"Njoo dukani. Njoo na kompyuta yako."

Kipaza alidhani hajasikia vizuri. "Dukani kwenu? Na mama yako je?"

"Mama ndiye aliyesema nikuite." Akaendelea kwa sauti ya mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja. "Kuna watoto wameugua, mpenzi. Watu wanasema ni mkate wetu."

Njiani Kipaza aliwaza mambo mawili, na la kwanza lilimtia aibu. Aliwaza: hatimaye Mama ameniita. La pili ndilo alilopaswa kuanza nalo: ni watoto wangapi, na wana hali gani.

Mama mwenye duka la mikate alijulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Tanuri. Alipewa jina hilo kwa kazi yake, likamganda kwa hasira zake. Alikuwa amefiwa na mume kijana, akabaki na mtoto mmoja mgongoni na tanuri moja la matofali, na kutokana na hivyo viwili akajenga kila alichonacho. Mtoto yule ndiye Chachu. Majirani walimbatiza hivyo mwaka aliorefuka ghafla, suruali zote zikamwishia kwenye ugoko. Sasa alikuwa mwanamume mzima, mpana wa mabega, mpole wa macho, ndiye aliyekanda na kuoka huku mama yake akishika kaunta.

Kipaza alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, anasomea uhusiano wa umma. Wenzake walimpa jina hilo siku kipaza sauti kilipozimika katikati ya hafla ya wanafunzi wapya, naye akamalizia kumkaribisha mgeni rasmi kwa koo lake mwenyewe, hadi waliokaa nyuma kabisa wakamsikia. Kesho yake asubuhi angesimama kuwasilisha mradi wake mbele ya wahadhiri na wakuu wa ofisi kadhaa za mawasiliano waliokuja kutafuta vijana wa kuajiri. Mmoja wao, mama mmoja wa shirika la bima, alikuwa ameshamuulizia kwa jina.

Lakini Mama Tanuri hakuwa mtu wa kubabaishwa na shirika la bima. Siku Chachu alipompeleka Kipaza kumtambulisha, Mama alimwangalia kuanzia viatu hadi nywele, kisha akauliza, "Unasomea nini?"

"Uhusiano wa umma, Mama."

"Uhusiano wa nani na nani?"

Kipaza alieleza kadiri alivyoweza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Kwa hiyo mkubwa akikosea, wewe unatumwa kutuambia hajakosea."

"Si hivyo, Mama. Kazi yetu ni—"

"Mwanangu anaamka kabla ya jogoo," Mama alimkata. "Anataka mke anayejua unga. Maneno hayakandwi, binti, yakawa mkate."

Tangu siku ile Kipaza hakukanyaga dukani kupitia mbele. Alimwona Chachu kwenye mlango wa nyuma, mchana, Mama anapojinyoosha kidogo. Walikuwa watu wazima wawili wanaoonana kama watoto wanaoiba sukari.

Leo mbele ya duka palijaa watu. Kina mama waliokuja na kanga za nyumbani, kina baba waliotoroka kazini, kijana mmoja amenyanyua simu juu anapiga picha. Mlango ulikuwa umefungwa. Mtu aliubonda kwa kiganja, akangoja, akaubonda tena.

Kipaza alizunguka nyuma. Chachu alifungua kabla hajabisha. Alikuwa na unga kwenye kope na midomo imemkauka. Kwa kawaida angemtania kwanza, angemwambia chuo kimemkondesha. Leo alimshika mkono tu, akaukaza mpaka ukamuuma.

"Wangapi?" Kipaza aliuliza.

"Darasa moja la shule ya pale kona. Walinunua mkate asubuhi, wakala wakati wa mapumziko, wakaanza kutapika. Wengi wamesharuhusiwa. Kuna mmoja wamemlaza. Msichana mdogo."

"Ana hali gani?"

"Sijui." Aliangalia pembeni. "Mama anakungoja."

Mama Tanuri alikuwa amekaa kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, kidevu juu, rundo la funguo mapajani. Rafu nyuma yake bado zilikuwa na mikate ya asubuhi, imepangwa vizuri, inang'aa. Nje mlango ulibondwa. Mama hakushtuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa." Alimsukumia kigoda. "Nilisema maneno yangu siku ile na sijayafuta. Lakini leo nyumba inawaka, na mwenye ndoo ni wewe. Watu wa redio wamepiga simu. Wanataka nizungumze. Nikifungua mdomo wangu mimi, nitatukana. Kwa hiyo andika. Andika kwamba mkate wa hapa umeliwa miaka yote hii na hakuna aliyewahi kuumwa hata tumbo. Andika waende wakachunguze maji ya ile shule. Unajua kuyapanga."

Kipaza alifungua kompyuta taratibu, apate muda wa kufikiri.

Mama alishusha sauti. "Ukituvusha leo, hutapita tena mlango wa nyuma. Unadhani sikujua? Mlango wangu unalia ukifunguliwa. Nimekuwa nikiusikia miezi yote."

Uso wa Kipaza ulipata moto. Chachu, aliyesimama karibu na tanuri, aliinua macho, na ndani ya macho yale palikuwa na ombi kubwa mno hata Kipaza akatamani asingeliona. Kila alichokitaka kilikuwa kimewekwa mezani, na bei yake ilikuwa aya mbili tu.

"Mama, kabla sijaandika, niruhusu niulize."

"Uliza."

"Kuna kitu kimebadilika wiki hii? Unga mpya, mafuta mapya, mtu mpya jikoni?"

"Hakuna," Chachu alijibu.

Alijibu upesi kupita kiasi. Mama hakugundua, maana alikuwa anausikiliza mlango. Kipaza aligundua. Alimjua mwanamume huyu. Alikuwa mzito wa kujibu hata akiulizwa kama ameshakula.

"Naomba nione stoo," alisema.

"Stoo ya nini tena?" Chachu alisema. "Watu wako mlangoni."

"Mwonyeshe," Mama aliamuru. "Aandike akijua anachoandika."

Stoo ilikuwa chumba chembamba nyuma ya tanuri, kina kidirisha kimoja juu. Mapipa ya unga yalipangwa ukutani. Kipaza aliingia, akavuta pumzi, akasimama. Kulikuwa na harufu ya unga, na chini yake harufu nyingine, kali, inayokwaruza koo. Chachu aliuvuta mlango nyuma yao, lakini haukufunga vizuri.

"Jumapili mlipofunga, ulifanya nini humu?"

"Nilifanya usafi."

"Usafi gani?"

"Usafi ni usafi, Kipaza. Wewe ukifagia chumba chako nani hukuuliza umefagia nini?"

"Chumba changu hakinuki dawa."

Chachu alijiegemeza ukutani. Alipoanza kusema alisema akiangalia sakafu.

"Mende walikuwa wamezidi. Bwana afya angepita wiki hii, nikataka akute pasafi. Nikapiga dawa duka likiwa limefungwa. Mapipa niliyafunika."

"Yote?"

Alichora sakafu kwa ncha ya kiatu.

"Chachu. Yote?"

"Lile la mwisho kifuniko kimepinda, hakikai. Nililaza gunia juu yake. Leo asubuhi nimekuta gunia liko chini. Nikanusa unga, sikusikia kitu. Nikajiambia ni wasiwasi wangu tu."

"Ukakanda."

"Nikakanda."

Kipaza alishika ukingo wa pipa, kisha akauachia haraka. "Hospitali wanajua?"

"Niwaambie nini? Sina uhakika."

"Waambie huna uhakika. Daktari atajua la kufanya na hilo."

"Wewe sikiliza kwanza." Alimsogelea, akamshika mabega yote mawili, na mikono yake ilikuwa ya baridi, mikono ambayo siku zote ilinukia mkate wa moto. "Andika kwamba suala linafanyiwa uchunguzi. Basi. Huo si uongo. Si wewe uliyenifundisha maneno hayo? Ulinichekesha nayo mpaka nikalia."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amemwigizia msemaji wa serikali aliyeulizwa kuhusu daraja lililoanguka, na wakacheka sana. Sasa maneno yale yale yalimrudia yakiwa hayana kichekesho hata kidogo.

"Kuna mtoto kitandani," alisema. "Wanamtibu wakidhani amekula mkate uliochacha. Kama ni dawa, anahitaji kitu kingine, na anakihitaji sasa hivi."

"Wenzake wote wameruhusiwa."

"Yeye hajaruhusiwa."

"Nilikuita unisaidie."

"Ndicho ninachofanya."

"Hapana." Aliyaachia mabega yake. "Unafanya kana kwamba walimu wako wamekaa pale nyuma wanakupa maksi. Mimi si zoezi lako la darasani. Unajua nini kinafuata ukifungua mdomo? Nitafungwa. Duka litafungwa. Mama ameinama kwenye tanuri hili mpaka mgongo umepinda, na mimi ndiye nitakayelizima. Na wewe utaolewa na nani? Na mtu aliyewalisha watoto sumu?"

"Nitaolewa na mtu aliyesema."

"Maneno hayo ni mazuri. Yaandike kwenye mradi wako."

Neno hilo lilimchoma. Aliliacha limchome, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kulijibu. Alitoa simu mfukoni, akaitafuta namba ya hospitali, akamnyooshea.

"Piga wewe, mpenzi. Tafadhali. Ukipiga wewe, mwenye nyumba amesema. Nikipiga mimi, nimekuchoma. Nakuomba usinifanye nikuchome."

Chachu aliitazama simu ile. Mkono wake ulinyanyuka kidogo, ukafika usawa wa kiuno, ukashuka.

"Siwezi."

"Unaweza."

"Ukipiga, usirudi tena hapa." Sauti ilimkatika katikati, lakini alimaliza. "Nasema kweli, Kipaza. Mimi na wewe, basi."

Kipaza alimwangalia. Aliangalia kovu dogo la moto kwenye kidevu chake, alilolibusu mara nyingi mlangoni pale nyuma. Alitamani dakika moja tu ya kutokuwa na akili. Kisha akageuka, akapiga.

Aliyepokea alikuwa muuguzi. Kipaza alisema anataka kuzungumza na daktari anayemtibu mtoto wa shule aliyelazwa kwa kutapika, na kwamba ni kuhusu alichokula. Walimuunganisha.

"Daktari, napiga kutoka duka lililooka mkate ule. Kuna uwezekano unga uliingiwa na dawa ya wadudu. Hatuna uhakika. Ndiyo, ya kupulizia. Ngoja." Alimtazama Chachu. "Chupa iko wapi?"

Chachu alikuwa ameketi juu ya gunia, kichwa mikononi. Alinyoosha kidole bila kuinua uso. Kipaza aliinama, akaitoa chupa nyuma ya ndoo, akasoma jina lililoandikwa, herufi kwa herufi, mara mbili. Daktari akauliza dawa ilipulizwa lini, akaomba namba yake, akakata bila kuaga.

Alipogeuka, Mama Tanuri alikuwa amesimama mlangoni na funguo zake mkononi. Hakuna aliyejua alikuwapo tangu lini.

"Pipa la mwisho?" Mama alimuuliza mwanawe.

"Ndiyo, Mama."

"Mwaka jana uliniambia tulitupe. Nikakwambia pipa halizeeki."

"Mama, nilidhani limefunikwa. Wallahi nilidhani."

"Nakusikia." Mama aliegemea mwimo wa mlango, na kwa mara ya kwanza Kipaza aliona kumbe ni mwanamke mdogo wa umbo, ukali ndio uliomfanya aonekane mkubwa. "Basi kosa hili tuna ubia nalo, mimi na wewe. Inuka. Usikae juu ya unga kama mfiwa. Mtoto wa watu hajafa."

Kisha akamgeukia Kipaza, naye akajiandaa kufukuzwa.

"Sasa andika."

"Hapana, Mama. Karatasi itawaudhi. Watu wako mlangoni, wanataka kuwaona uso kwa uso."

"Niwaambie nini?"

"Anza na watoto, usianze na duka. Kisha sema kilichotokea, jinsi kilivyotokea. Kisha sema mnachofanya sasa hivi. Na usiseme 'lakini'. Ukiisikia 'lakini' inapanda kooni, nyamaza."

"Ndiyo mnayofundishwa huko miaka yote? Kunyamaza?"

"Ndilo somo ninaloanguka kila mara, Mama."

Mdomo wa Mama ulicheza kidogo, haukufikia tabasamu. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kaunta. Alipofika mlangoni, mkono wake juu ya komeo, alisita. Kisha Mama akafungua.

Kelele ziliingia zote kwa pamoja, zikamgonga, naye akasimama katikati yake mpaka zikapungua.

"Watoto wenu wameugua kwa mkate wangu," Mama Tanuri alisema.

Kijana aliyekuwa anapiga picha alishusha simu yake. Mama akaendelea.

"Dawa ya mende ilipulizwa stoo. Pipa moja halikufunikwa vizuri. Tunaamini dawa iliingia kwenye unga. Hospitali tumeshawaambia, na jina la dawa wanalo. Aliyebakiwa na mkate wa leo asiule, hata kuku asimpe. Mwenye mtoto aliyekula na hajaenda hospitali, ampeleke sasa hivi, hata kama anacheza. Mkate huu unaitwa kwa jina langu, kwa hiyo nimekuja mwenyewe. La..."

Alifumba mdomo. Kipaza, nyuma yake, alizuia pumzi.

"Nani alipuliza?" mtu aliuliza.

Mabega ya Mama yalipanda. Kipaza alijua kwamba sasa atadanganya, kwamba atasema ni yeye, na hapakuwa na la kumfanya. Ndipo Chachu akapita katikati yao wawili, unga mwilini, akasimama mbele kabisa, kwenye jua.

"Ni mimi," alisema. "Mama hakujua. Asubuhi niliingiwa na wasiwasi, nikaupuuza, nikakanda. Nilijua kabla hamjafika hapa, na sikusema. Simu ya hospitali sikupiga mimi."

Mwanamume mmoja aliyevaa ovaroli ya fundi magari alisukuma watu akafika mbele. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kulia na sasa amekauka.

"Aliyelazwa ni wangu," alisema. "Mama yake yuko naye. Hospitali wanajua tangu saa ngapi?"

Kipaza alisogea. "Tangu muda mfupi kabla hatujafungua mlango, kaka. Daktari alichukua jina la dawa, akakimbia."

Fundi alimtazama, akamtazama Chachu. Ngumi yake ilikunjwa, ikakunjuka. Alitema mate chini, karibu na miguu ya Chachu, akageuka, akaanza kukimbia kuelekea hospitali. Watu walimpisha.

Dada mmoja wa redio, aliyekuwa mwaka wa juu kuliko Kipaza chuoni, alimvuta kando. Alificha kinasa sauti nyuma ya mgongo, kwa utu.

"Wewe unafanya nini hapa? Kesho si unawasilisha? Wale wakuu wote wanasikiliza taarifa za jioni. Nikikutaja utakuwa msichana wa mkate wenye sumu. Toka kwa mlango wa nyuma, mimi sijakuona."

"Asante, dada. Nitabaki."

"Basi nikuandike nani? Msemaji wao?"

"Mimi si msemaji wao."

"Sasa ni nani?"

Kipaza alimtafuta Chachu kwa macho. Chachu alimwona, akaangalia pembeni. Mwenye kujibu alikuwa Mama Tanuri, aliyekuwa anaondoa mikate kwenye rafu na kuitupa ndani ya gunia, mmoja mmoja.

"Ni wa humu ndani," Mama alisema bila kugeuka. "Andika hivyo hivyo."

Bwana afya alifika na askari mmoja. Walifunga stoo kwa utepe, wakachukua chupa, wakachukua unga. Waliamuru tanuri lizimwe. Mama alilizima kwa mkono wake mwenyewe, hakukubali mtu mwingine aliguse. Chachu akaambiwa aongozane nao kuandikisha maelezo.

Alienda kunawa kwenye bomba la uani. Kipaza alimfuata. Alijua hakuitwa.

"Umesema vizuri," alimwambia.

"Usinisifu." Aliendelea kunawa, ingawa mikono ilishatakata. "Ulipiga kabla sijawa tayari."

"Mtoto naye hakuwa tayari."

"Najua. Unadhani sijui? Ungengoja niwe tayari, tungekuwa bado tuko stoo." Alifunga bomba. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ulifanya sawa. Na bado nikikutazama nasikia uchungu. Vyote viwili vimo humu, sijui niviweke wapi. Niache nikuchukie kidogo, Kipaza."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Mtoto yule akiinuka, niulize tena."

Kipaza alitaka kumshika. Chachu alikuwa karibu kiasi kwamba matone ya maji kutoka kwenye viwiko vyake yalimwangukia Kipaza viatuni. Lakini askari aliita, na Chachu akaenda, mrefu, ameinama kichwa, kama siku zote alivyoinama kupita mlango ule.

Duka lilibaki na wanawake wawili na rafu tupu. Joto la tanuri lilianza kuondoka ukutani. Kipaza alichukua ufagio kwa sababu hakujua achukue nini. Mama alimwangalia akifagia kwa muda.

"Unafagia vibaya."

"Ndiyo, Mama."

"Wazazi wako wapo?"

"Wapo. Baba anashona viatu. Mama haoni vizuri, yuko nyumbani tu."

"Siku ile sikuuliza." Mama alikaa kwenye kiti chake, akaupapasa ukuta wa tanuri kama mtu anayempapasa mgonjwa wa homa. "Niliuliza unasomea nini, basi. Kesho una jambo lako chuoni, nasikia."

"Sijui kama nitakwenda."

"Utakwenda. Mwanangu ameharibu, mimi nimeharibu. Wewe usiharibu chako ili tulingane."

Kipaza aliinama juu ya ufagio, akalia kimya kimya. Mama alimwacha alie. Hakumkumbatia, hakuwa mwanamke wa hivyo. Ila aliinuka, akamletea maji kwenye bilauri yake mwenyewe, akasimama pale mpaka ayamalize.

Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye vioo vya mbele simu ya Kipaza ilipolia. Namba ilikuwa ya hospitali. Aliitikia, akasikiliza, akasema "ndiyo" mara kadhaa, na Mama akaja kusimama karibu naye kabisa, mikono imeshikana.

"Ameamka," Kipaza alisema alipoishusha. "Amemtambua mama yake. Amekunywa maji na hakutapika. Daktari anasema watamwangalia mpaka kesho, ila hatari imepita."

Mama Tanuri alikaa chini, sakafuni, pale pale aliposimama. Alijifunika uso kwa upande wa kanga, na sauti aliyoitoa haikuwa ya kilio wala ya kicheko.

Kipaza alitoka hadi kizingitini, akampigia Chachu. Simu iliita sana. Alikuwa karibu kukata tamaa Chachu alipopokea.

"Bado niko kwao," alisema. Nyuma yake palisikika kalamu ikigongwa mezani, mtu anakohoa. "Wananingojesha kwenye benchi."

"Mtoto ameamka, Chachu. Amekunywa maji."

Kipaza alisikia pumzi ikiingia, ikakwama, ikatoka vipande vipande, na akajua kwamba amegeukia ukuta ili wasimwone. Kipaza alikuwa na maneno mengi. Alikuwa nayo yamepangwa, ya kumtuliza, ya kumwomba radhi, ya kumuuliza lile swali aliloambiwa aulize. Yote yalikuja mpaka mdomoni.

"Kipaza," Chachu alisema mwishowe.

"Niko hapa."

"Usiseme kitu. Ila usikate."

Aliketi kizingitini, mlango wa mbele wazi nyuma yake, simu sikioni. Mtaani watu walipita, wengine wakimtazama. Hakusema neno, na hakukata.